Mgeni Rasmi wa Ngelewele

Itifaki imezingatiwa. Nalisema hilo mapema ili mbele ya safari asije mtu akanuna kwamba hakutajwa. Mimi naitwa Pazi, mshereheshaji mwenye leseni ya daraja la kwanza, na haya nayaandika badala ya kuyasema kwa sababu mtakazoziona wenyewe. Sauti yangu imezindua masoko mawili, vyoo saba vya shule na daraja moja ambalo mto wake ulihama. Nchi yangu sitaitaja, maana kibali cha kuitaja nimekiomba na hakijatoka. Ni nchi nzuri. Ina vilima, ina mvua, ina watu wapole wanaoweza kukaa kwenye viti vya plastiki saa sita bila kuuliza swali.

Wapo wenye midomo wanaosema eti kwetu mambo huchelewa. Wanatuonea. Kwetu mambo huisha mapema sana, kinachochelewa ni uzinduzi. Kanuni za Uzinduzi ni fupi, zina vifungu mia mbili na kumi tu, na mwananchi wa kawaida anatakiwa kukumbuka vitatu. Kwanza, kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Halafu, mgeni rasmi akipata udhuru anaweza kumtuma mwakilishi, na mwakilishi huyo ndiye yeye mwenyewe, kwa cheo, kwa heshima na kwa amri, tangu anapofika mpaka shughuli inapofungwa. Na shughuli haijafungwa mpaka mshereheshaji atamke kwa kinywa chake kwamba imefungwa.

Hiki cha mwisho nakipenda, na wala sijivuni. Mwenzangu wa mkoa wa jirani alikaukiwa na sauti katikati ya uzinduzi wa ghala, siku ya Jumatatu. Watu wakakaa palepale. Alhamisi sauti ikarudi, akafunga shughuli, wakasimama wakaenda zao. Waziri aliyekuwepo alisifiwa magazetini kwa uvumilivu.

*

Sasa nije kwenye Bwawa la Ngelewele, ambalo lilijengwa kati ya vilima viwili ili mkoa mzima upate maji ya kunywa. Mabomba yalilazwa ardhini mpaka mitaani, na kila uwanja wa nyumba ukapata bomba lake. Kabla ya hapo, maji yetu yalikuwa yale ya chemchemi ya Kidundwe, ng'ambo ya kilima, yenye rangi ya chai ya maziwa, na ladha yake naona tuiache.

Fundi wa koki kuu ya bwawa alikuwa Mzee Mwinshehe, mtu mfupi, mkimya, mwenye spana ndefu kuliko yeye. Koki ile haikuruhusiwa kuguswa na mtu mwingine yeyote. Siku jiwe la msingi lilipowekwa, Mzee Mwinshehe alipandwa na furaha, akamwapia mkewe mbele ya majirani: "Sikudhani, sistaafu mimi kabla hujakinga maji uwanjani kwako." Akanunua bomba la shaba kwa mshahara wake, akalifunga mwenyewe karibu na jiko la nje.

Bi Sikudhani alikuwa akilisugua bomba lile kila Ijumaa kwa majivu na ndimu, likang'aa mpaka kuku mmoja mwekundu akalipenda, akalifanya kitanda. Lakini maji ya kupikia ugali aliendelea kuyafuata Kidundwe, kwa ndoo, kwa kichwa chake na kwa magoti yake. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kulia. Ukikaa naye barazani ulilisikia, ka, ka, kabla hajasimama.

Mganga wa zahanati alilishika, akaligeuza, akasema, "Mama, goti hili likipanda kile kilima masika manne tena, utatembelea fimbo."

"Basi kiambie kilima kishuke," alijibu Bi Sikudhani, akachukua ndoo yake.

*

Bwawa lilikamilika. Mvua ikanyesha, likajaa kwa masika moja, maji yakatulia, bluu, safi, mpaka mtu unatamani uyaamkie. Mzee Mwinshehe akapanda na spana begani. Kufika kwenye koki akakuta utepe mwekundu umefungwa fundo la shada, na pembeni amesimama Bwana Msengi, Afisa Itifaki, mwembamba, na faili kwapani.

"Mzee, unataka kufungua nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Haya."

Bwana Msengi akalitazama bwawa kwa muda, kwa haki kabisa, kutoka ukingo huu mpaka ule. "Hayajazinduliwa," alisema. "Mimi siyaoni."

"Na yule korongo pale kasimama ndani ya nini?"

"Yule nimeshamwandikia barua."

Kwa kuwa maji yasiyokuwepo ni rahisi kuibwa, serikali ilileta kikosi cha kuyalinda, askari kumi na wawili na sajini wao. Nasema kweli, yalilindwa. Hakuna ng'ombe aliyekanyaga, hakuna mti uliokatwa, hakuna aliyenawa hata kidole. Masika ya pili bwawa lilipofurika na maji yakaanza kumwagika juu ya ukingo, askari walisimama upande wa chini na ndoo, wakayakinga na kuyarudisha bwawani. Nilimwuliza sajini kama si kazi ngumu kulinda kitu ambacho hakipo. Akasema ni nyepesi kuliko kituo chake cha zamani, kwa kuwa hapa hakuna atakayekuja kumwuliza yamepungua kiasi gani. Maji yao ya kunywa waliletewa na akina mama, kutoka Kidundwe.

Halafu kulikuwa na suala la mti. Kanuni zinataka mgeni rasmi apande mti ili kuhifadhi chanzo cha maji, kwa hiyo Wizara ilileta mche wa mvule ndani ya debe, ukae hapo umngoje. Mche lazima uishi. Nyumba iliyo karibu ni ya Bi Sikudhani, basi Bi Sikudhani akapewa barua yenye muhuri: ndoo moja ya maji kila siku, kwa ajili ya mti. Maji ya bwawani yasingefaa, hayakuwepo. Kwa hiyo kila asubuhi alishuka Kidundwe, akapanda tena, akalipita bwawa lote limejaa mpaka mdomoni, akamwagilia mti uliokaa hatua nne kutoka majini.

"Pazi," aliniambia siku moja, akishikilia kiuno, "wewe umepewa mdomo mpana. Hebu nieleweshe. Huu mti unakunywa kuliko mume wangu, na unakaa kando ya maji kama haya."

"Mama, itifaki."

"Hiyo itifaki ina magoti?"

Nikajifanya natengeneza waya wa kipaza sauti.

*

Mgeni rasmi wa kwanza alikuwa Mtukufu Rais mwenyewe. Tulitandika zulia jekundu la mita mia. Kulikuwa na kwaya tatu, bendi ya tarumbeta, na keki yenye umbo la bwawa, na ukuta wake wa sukari. Saa nne nikatangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Saa kumi ikaja barua. Mtukufu alikuwa ameitwa ng'ambo, nchi ya baridi, kupewa nishani kwa kuwapatia maji wananchi wa Ngelewele. Atawakilishwa na Waziri Mkuu.

Waziri Mkuu cheo chake ni mita themanini za zulia, kwa hiyo zulia likakatwa, tarehe ikasogezwa miezi mitatu. Siku ilipofika naye akapata udhuru, akamtuma Waziri wa Maji. Zulia likakatwa. Waziri wa Maji alikuwa akifungua semina ya kupunguza semina, akamtuma Naibu wake. Naibu nitamtetea mpaka kesho, maana yeye alitoka kweli, akapanda gari, akafika nusu ya safari. Bahati mbaya njiani alikuta bucha jipya limefungwa utepe, mkono ukamwasha, akaukata. Na kanuni hairuhusu tepe mbili kwa siku moja.

Nafasi ikashuka kwa Katibu Mkuu. Ikashuka kwa Mkuu wa Mkoa, ambaye udhuru wake ulikuwa kwamba anangoja simu. Mkuu wa Wilaya alileta barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa kuleta barua ya kuomba radhi. Kila mara zulia lilikatwa na keki ikapunguzwa, mpaka keki ikawa andazi. Kila mara nilishika kipaza sauti nikasema mgeni rasmi yuko njiani, na sikusema uongo hata siku moja, kwa kuwa kila binadamu yuko katika njia fulani.

Hivyo ikapita miaka mitatu. Mvule ulichoka kungoja. Mizizi yake ilitoboa debe, ikaingia ardhini, ukajipanda wenyewe. Bwana Msengi alipoona hivyo alilia kidogo, kisha akaandika kwenye faili kwamba mti uko katika hali ya kusubiri kupandwa. Na ndoo ya kila siku ikaendelea, kwa kuwa barua yenye muhuri hakuna aliyeifuta.

*

Mwezi ilipotimia miaka hiyo mitatu, Mzee Mwinshehe alipokea barua ya kustaafu. Mwisho wake ni tarehe thelathini ya mwezi uleule. Barua ilimshukuru, ikamtaka akabidhi spana, ipelekwe Ghala Kuu, mji mkuu. Fundi mpya wa koki atatafutwa kwa tangazo, usaili wa kwanza, usaili wa pili, na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua miaka minne, mambo yakienda vizuri.

Bi Sikudhani hakupiga kelele. Alimwandalia mumewe chakula, akakaa mbele yake, goti likasema ka. "Mwinshehe," alisema, "mimi sikukudai bomba. Wewe ndiye uliyeniapia, na watu wakasikia. Sasa nakuuliza kama mtu na mumewe. Hili goti nilitegemee, au nilitafutie fimbo kabisa?"

Mzee Mwinshehe alirudisha tonge sahanini. Aliinuka akaja kwangu mchana uleule, jua kali, kofia mkononi.

"Pazi, wewe ukisema kwenye hicho kipaza sauti kwamba limezinduliwa, si litakuwa limezinduliwa?"

"Mzee wangu, nitanyang'anywa leseni."

"Neno moja tu."

"Ndiyo hilohilo neno lililo kwenye leseni."

Akavaa kofia, akaondoka bila kunilaumu. Angenitukana ningefurahi zaidi. Niliona aibu siku nzima, na nimeikumbuka aibu ile mpaka leo.

*

Uzinduzi wa mwisho ulipangwa tarehe ishirini na tisa. Wakati huo uwakilishi ulikuwa umeshashuka kwa Afisa Tarafa, kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mwenyekiti wa Kijiji aliyekuwa na msiba wa shemeji, ukatua kwa Balozi wa nyumba kumi, Bwana Chande. Zulia lililobaki lilitosha nyayo mbili, zikibanana.

Bwana Chande aliipokea nafasi ile kwa machozi. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuwakilisha chochote. Akaazima suti kwa mwalimu mkuu, akajifunza kutembea kama Rais, mikono nyuma, akiwauliza kuku wanaendeleaje. Kosa lake ni moja: asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuogopa sauti isije ikakwama, alikunywa bilauri tatu za maji ya Kidundwe bila kuyachemsha.

Mimi na Bwana Msengi tulipokwenda kumchukua saa mbili, tulimkuta chooni. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa na ndani kulikuwa na vita. Bwana Msengi akasimama nje, wima, kwa heshima anayostahili mwakilishi wa Rais, akafungua faili.

"Mheshimiwa, bendi imeshafika."

"Ndugu yangu," sauti ya Bwana Chande ilitoka kwa taabu, "mimi leo sitoki humu."

"Kwa hiyo Mheshimiwa amepata udhuru?"

"Nimepata."

"Atawakilishwa na nani? Kanuni inataka awe mtu aliye chini yake."

Chini ya balozi wa nyumba kumi hakuna cheo. Nilimwona Bwana Msengi akifunua kurasa za faili. Wakati huo tukasikia nyayo njiani, na katikati ya nyayo, ka, ka. Bwana Chande akachungulia kwenye tundu la bati.

"Huyo hapo anayepita na ndoo," alisema. "Mwandike huyo."

Bwana Msengi akaandika. Kisha akamkimbilia Bi Sikudhani, akamweleza kwamba tangu atakaposhuka kwenye gari, yeye ni Mtukufu Rais mpaka shughuli ifungwe.

"Gari lipi, baba?"

Bwana Msengi akaangalia huku na huku. "Basi tangu utakapotua ndoo."

"Ndoo nitaitua nikifika kwenye mti," alisema Bi Sikudhani. "Hayo mengine mtayajua ninyi."

*

Alipotua ndoo, tarumbeta zikalia. Askari kumi na wawili walikakamaa, sajini akapiga saluti mpaka vumbi likatimka. Bi Sikudhani aligeuka nyuma kumtazama aliyekuja. Hakukuwa na mtu. Nikamwonesha kipande cha zulia, akapanda juu yake, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na kata ya kubebea ndoo bado iko utosini.

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Bwana Msengi, kwa mazoea ya miaka mitatu, alimsogelea na fomu, akainama, kalamu tayari.

"Mtukufu, na wewe utawakilishwa na nani?"

Bi Sikudhani alimkazia macho. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa na mwanawe swali la kitoto.

"Baba," alisema, "mimi ningekuwa na mtu wa kumtuma, si ningekuwa nimeshamtuma maji?"

Kalamu ya Bwana Msengi ilibaki hewani. Akafunua kanuni mbele, akafunua nyuma. Kilikuwepo kifungu cha mgeni rasmi mgonjwa, mgeni rasmi aliyekufa, hata mgeni rasmi ambaye hajazaliwa. Kifungu cha mgeni rasmi aliyefika hakikuwepo. Watu kwenye viti walianza kunong'onezana. Tangu nchi yetu ipate bendera, watu wa Ngelewele hawakuwa wamewahi kuona sehemu ya pili ya ratiba.

Nikajikaza, nikamkaribisha asome hotuba. Ilikuwa kurasa arobaini na tatu, iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Bi Sikudhani aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Miwani sina," alisema. "Lakini redioni nawasikia wabunge wakisema, naomba hotuba yangu ichukuliwe kama imesomwa. Na mimi naomba hivyohivyo."

Watu walipiga makofi ambayo sijawahi kuyasikia katika kazi yangu. Bibi mmoja safu ya mbele alilia kwa shukrani.

Ukabaki utepe. Mkasi wa dhahabu ulikuwa umefungiwa Wizarani, na mwenye ufunguo alikuwa amepata udhuru. Bi Sikudhani akauliza kama lazima uwe mkasi. Bwana Msengi akasema kanuni inataka ukatwe tu. Basi akainama, akauweka utepe kwenye meno ya pembeni, akaukata kama anavyokata uzi akishamaliza kushona kifungo cha shati.

"Mwinshehe," alisema, akijipangusa mdomo, "fungua."

Mzee Mwinshehe alikuwa amesimama na spana yake tangu alfajiri. Akampigia mkewe saluti, kwa kuwa ndiyo sheria, na macho yake yalikuwa yamejaa. Koki ilikuwa imekaa miaka mitatu bila kuguswa, ikagoma. Sajini akaja, akashika spana. Wakaja askari wengine. Bwana Msengi alizunguka mara mbili, akaweka faili chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, naye akashika. Koki ikalia, ikazunguka, na chini ya miguu yetu ardhi ikaanza kunguruma.

Tuliyasikia yakiondoka. Nawaambia, tuliyasikia yakiteremka kilima.

*

Kanuni inasema mgeni rasmi asindikizwe. Kwa hiyo msafara mzima ulimsindikiza Bi Sikudhani nyumbani, bendi mbele, askari kandokando, mimi na kipaza sauti changu cha betri, na ndoo yake imebebwa na sajini kama tunu ya taifa. Tulipoingia uwanjani, kuku mwekundu alikuwa amelala juu ya bomba la shaba. Bi Sikudhani akafungua. Bomba likakohoa. Likatoa hewa, likatoa mjusi, likatema tope, kisha likatapika kwa nguvu hata kuku akaruka mpaka juu ya paa. Yakaja maji. Yalikuwa meupe kwa mapovu kwanza, halafu yakatakata.

Hakunywa. Alipandisha khanga kidogo, akakinga kiganja, akalimwagia goti lake la kushoto, mara moja, mara ya pili.

"Pole," aliliambia.

Mzee Mwinshehe akakaa chini palepale kwenye tope, akicheka peke yake. Mimi nikainua kipaza sauti nifunge shughuli, maana ndiyo kazi yangu, na maneno yalikuwa yameshafika kooni. Hapo simu ya Bwana Msengi ikaita. Alisikiliza akiwa amekakamaa. Alisema ndiyo mara tisa. Alipoikata, uso wake ulikuwa umebadilika.

Mtukufu alikuwa amesikia redioni kwamba yeye mwenyewe amezindua bwawa, na amefurahishwa sana na ufupi wa hotuba yake. Amefurahi kiasi kwamba sasa anataka kuja mwenyewe. Kwa hiyo maji yafungwe, utepe mpya ufungwe, zulia la mita mia linunuliwe, na tarehe itatajwa. Lakini hakuna shughuli inayoweza kuanza kabla iliyotangulia haijafungwa.

"Pazi," alisema Bwana Msengi kwa sauti ndogo, "funga shughuli."

Uwanja mzima ukanigeukia. Mzee Mwinshehe aliacha kucheka. Kesho yake ilikuwa tarehe thelathini. Bi Sikudhani alikuwa ameinama chini ya bomba, na ndoo ilikuwa imefika nusu, na hakulifunga bomba. Alinitazama tu, hakuniomba kitu. Nikaikumbuka leseni yangu. Nikakumbuka pia mzee aliyevaa kofia yake akaondoka bila kunilaumu.

Nikafungua mdomo. Nikakohoa. Nikashika koo langu, nikatikisa kichwa, nikamwonesha Bwana Msengi kwa vidole kwamba sauti imekauka.

Bwana Msengi alinitazama koo. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye faili: mshereheshaji amepata udhuru. Akangoja niseme nitawakilishwa na nani. Sikusema, ningesemaje, na sauti imekauka.

*

Huu sasa ni mwaka wa pili. Shughuli haijafungwa. Kwa mujibu wa kanuni, Bi Sikudhani bado ndiye Mtukufu mwenyewe hapa Ngelewele, na amri yake ya kufungua hakuna wa kuitengua. Mzee Mwinshehe hajastaafu, maana mtumishi hawezi kustaafu katikati ya shughuli. Askari bado wanalinda bwawa, siku hizi dhidi ya ng'ombe na wakata miti tu, na wananawa miguu yao chini kabisa, mbali na chanzo. Bwana Chande amepona. Mvule umekuwa na kivuli, na ile ndoo ya kila siku Bi Sikudhani aliifuta kwa tamko la Rais.

Bwana Msengi hawezi kuondoka kabla shughuli haijafungwa, kwa hiyo amepanda mchicha nyuma ya jukwaa. Wizara inaniulizia koo langu kwa barua, na imemwamuru Bwana Msengi aniletee asali na tangawizi kila Jumatatu. Huniletea. Huketi, hunywa maji ya bomba bilauri mbili, na kabla ya kuinuka huniambia polepole, "Pazi, usiharakishe kupona."

Sauti yangu ni nzima kabisa. Naitumia jikoni, kumwomba mke wangu chumvi. Nimewakilisha waheshimiwa wengi katika maisha yangu, na maneno yao nimeyasema yote, hata yale ambayo wao wenyewe hawakuyaelewa. Lakini lile neno moja la kufunga sijalisema. Na kwa niaba ya goti la Bi Sikudhani, silisemi.